Neno Ambalo Leonsia Hakulisema

Kila asubuhi king'ora cha kiwanda kilipolia, Leonsia alikuwa ameshamaliza nusu ya kazi zake. Alikuwa ameshachota maji kwenye bomba la pamoja, ameshawasha moto na kubandika uji, na sasa alikuwa akimnawisha uso mdogo wake Kokushubira, ambaye nyumbani wote walimwita Koku. Koku alikuwa na miaka minne na maneno mengi. Alinawishwa huku akiuliza kwa nini sabuni inawasha, kwa nini jogoo wa jirani hana mke, na kama mama yao huko aliko naye ananawa.

"Ananawa," Leonsia alijibu. "Tulia, nikufute."

Mama yao alikuwa amefariki wakati wa masika, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Tangu hapo, katika ile nyumba ya wafanyakazi kule Nyakato, walibaki Leonsia aliyekuwa darasa la sita, Koku, na baba yao Bagenda, fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, vijiji vipya vilipokuwa vikijengwa kila upande, na viwanda vya mjini vilifanya kazi usiku na mchana. Baba alikwenda kwa zamu. Akiwa zamu ya usiku alirudi alfajiri, akanywa uji akiwa amesimama, kisha akaanguka kitandani na viatu vyake. Kwa hiyo Leonsia alimpeleka Koku kwa jirani yao, Mama Chenge, ndipo akakimbilia shule kuwahi mchakamchaka.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Mama Chenge alipojifungua mapacha.

"Baba Leonsia, nisamehe," alimwambia Bagenda, mtoto mmoja akiwa begani na mwingine akilia ndani. "Koku ni mwanangu, unajua. Lakini sasa sina mkono uliobaki wa kumshika."

Bagenda alimshukuru kwa yote aliyoyafanya. Siku ileile alituma salamu kwa ndugu wa marehemu mke wake, akaomba ushauri.

Aliyekuja ni mama mdogo Felicitas. Alikuwa ameolewa na Mayala, mkulima wa pamba, nao waliishi katika kijiji cha ujamaa ng'ambo ya maji, upande wa Busisi. Alifika na furushi la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na samaki wadogo wa furu waliokaushwa. Alipoinama kuingia mlangoni, moyo wa Leonsia uliruka. Mabega yalikuwa ya mama. Hata namna ya kuvua kandambili na kuzipanga kando ya ukuta ilikuwa ya mama.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mkubwa. Na huyu, huyu ndiye..." Sauti yake ikakatika. Akampakata Koku, akamkumbatia kwa nguvu, machozi yakimlenga, mpaka mtoto akaguna.

Watu wote walijua sababu ya machozi yale. Mwaka uliotangulia Felicitas alimzika mtoto wake wa pekee, Suzana, aliyekuwa wa umri wa Koku.

Kwa siku alizokaa Nyakato, mama mdogo alifanya kazi bila kupumzika. Alifua mpaka mapazia. Alimwogesha Koku, akamsuka, akamlisha kwa mkono wake ingawa Koku alikwishajua kula mwenyewe. Majirani walipita, wakamsifu. Lakini Leonsia aliona mambo mengine. Aliona kwamba Koku akitoka kucheza uani, mama mdogo huacha alichoshika na kumfuata. Aliona kwamba mtoto akipiga chafya tu, mama mdogo hubadilika uso, akamrudisha ndani na kufunga mlango. Na jioni moja, watu wakiwa wamekaa kula, alimsikia akisema, "Suzana, fungua kinywa."

"Mimi si Suzana," Koku akasema. "Mimi Koku."

Felicitas alicheka huku machozi yakimtoka. Baba alitazama chini. Mama Chenge, aliyekuwa amekuja kuomba kaa la moto, alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini, huyu mtoto atamponya," alinong'ona. Leonsia peke yake hakuona kitu cha kuponya pale. Alimtazama Koku. Mtoto yule aliyekuwa hanyamazi, tangu mgeni aje alikuwa amepunguza maneno, na sasa alikuwa amejibana nyuma ya gauni la dada yake. Kitu kikamkaa Leonsia kifuani, kama tonge lililokataa kushuka.

Keshoye baba aliwaita wakae. Felicitas alikuwa ameomba kumchukua Koku, amlee mpaka atakapofika umri wa kwenda shule. Mama Chenge alisema ni jambo la heri. Mzee mmoja wa ukoo, aliyekuwa amealikwa kusikiliza, alisema damu ni ileile ya mama yao, watatafuta nini kingine? Baba alikubali kwa kichwa. Kisha akamgeukia binti yake.

"Leonsia, wewe ndiye umembeba huyu mtoto kuliko sisi wote. Wewe unasemaje?"

Watu wakamtazama. Leonsia alifungua kinywa. Angesema nini? Kwamba mama mdogo anampenda Koku mno? Kwamba anafunga milango? Wangemwona ana wivu, au hana shukrani. Wangemwuliza, "Una sababu gani?" naye sababu hakuwa nayo. Alikuwa na lile tonge tu. Akamtazama mama mdogo, akaona uso wa mama yake ukimsubiri kwa wasiwasi, ukimwomba.

"Ni sawa, baba," akasema.

Siku ya safari, Koku hakulia. Alipandishwa basi la kwenda Kigongo, kwenye kivuko, akiwa amevaa gauni jipya, akakaa mapajani kwa mama mdogo, akamwangalia Leonsia kupitia dirishani bila kupunga mkono. Ingekuwa afadhali alie.

Nyumba ikawa kimya. Leonsia alipata muda wa kusoma, na mwalimu alimsifu kwa hesabu zake, lakini sifa zile hazikumfurahisha. Asubuhi alijikuta amechota maji ya kumnawisha mtu ambaye hayupo. Mara kwa mara wachuuzi wa samaki kutoka ng'ambo walileta salamu: mtoto hajambo, mtoto amezoea. Leonsia aliwauliza, "Mlimwona?" Nao walijibu, "Hatukumwona, ila mama yake katuambia."

"Baba," alisema siku moja, "naomba niende Busisi nikamwone Koku."

"Shule ikifungwa utakwenda," baba alijibu. "Usimsumbue mama yako mdogo. Mwache mtoto azoee."

Leonsia akanyamaza tena.

Shule ilipofungwa, baba alimkabidhi kwa kondakta wa basi ambaye walifahamiana. Huko Kigongo akapanda pantoni pamoja na malori ya pamba na akina mama wenye matenga. Maji yalikuwa yametulia, na watu walizungumza na kucheka. Leonsia alisimama ukingoni akiwa ameshika mfuko wa sukari na mkate, akitamani chombo kile kiende mbio zaidi.

Kijiji kilikuwa kipya. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, na miti iliyopandwa mbele yake ilikuwa bado fimbo tu. Watu wengi walikuwa shambani kuvuna pamba ya kijiji. Nyumba ya Mayala ilikuwa mwisho wa mstari. Madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa magunia.

Felicitas alikuwa amekaa kizingitini. Alikuwa amekonda, na kitenge chake kilikuwa na madoa ya dawa za majani.

"Shikamoo, mama mdogo. Koku yuko wapi?"

"Amelala," alijibu harakaharaka. "Alishikwa na surua, lakini sasa inatoka. Usimwamshe. Surua haitaki mwanga. Kaa hapa, nikupe maji."

Leonsia alikaa. Alikunywa maji. Aliulizwa habari za baba, za Mama Chenge na mapacha, akajibu zote. Lakini lile tonge lilikuwa limerudi, kubwa kuliko siku ile. Kisha, kutoka gizani mle ndani, ikatoka sauti nyembamba.

"Dada? Kumekucha?"

Ilikuwa adhuhuri. Jua lilikuwa limesimama utosini.

Leonsia hakusubiri kukaribishwa. Aliingia, akapapasa mpaka kitandani, akavuta gunia moja dirishani. Mwanga ulipoingia, alitamani asingeona. Koku alikuwa amebaki mifupa. Ngozi yake ilikuwa ikibambuka, midomo imepasuka. Macho yake yalikuwa yamevimba na kugandana kwa usaha na maji ya majani yaliyokaukia kwenye kope. Mtoto alinyoosha mikono huku na huku hewani akimtafuta.

"Rudisha gunia!" Felicitas alilia nyuma yake. "Utamwua!"

"Mama mdogo, anahitaji zahanati."

"Zahanati hapana!" Alisimama mlangoni akaziba njia kwa mikono miwili. "Suzana wangu aliingia kule akitembea kwa miguu yake. Nilimtoa nimemfunika kanga. Huyu hawatamchukua. Huyu ninamwuguza mwenyewe."

Kelele zilimleta Mayala kutoka zizini. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kuzungumza taratibu. Alimsikiliza mkewe, akamsikiliza Leonsia, akakuna kidevu.

"Mwanangu, umechoka na safari," akasema. "Mtoto mwenyewe homa imepungua, hata mimi jana nilimgusa. Tulale leo. Kesho nitamwita mjumbe wa nyumba kumi tushauriane."

Yalikuwa maneno ya mtu mzima, yaliyosemwa kwa upole. Leonsia alikuwa mgeni katika nyumba ile, tena mtoto. Angeweza kujibu, "Ni sawa, baba mdogo," na hakuna ambaye angemlaumu. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika ulimini. Akakumbuka kwamba aliwahi kulisema, na akamtazama aliyelilipia.

"Baba mdogo, naomba unisamehe," alisema. "Sijui kueleza. Mimi si nesi. Lakini namjua Koku, na hivi alivyo si sawa. Tukisubiri kesho tutajuta. Mimi nakwenda naye sasa hivi. Kama nimekosea, mtaniadhibu baadaye."

Hakungoja jibu. Alimvika Koku kanga, akambeba mgongoni kama alivyokuwa akimbeba tangu alipozaliwa. Mtoto akalaza kichwa shingoni kwake. Alikuwa mwepesi mno. Leonsia akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mama yake mdogo.

"Usimchukue," Felicitas alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Usimchukue Suzana."

Mayala alifumba macho. Labda alikuwa amelisikia jina lile mara nyingi mle ndani na kujifanya hakulisikia. Alikwenda akamshika mkewe mabega, akamwondoa mlangoni taratibu, kama mtu anayemwondoa kipofu kwenye shimo.

"Mpishe, Mama Suzana," akasema. "Mpishe. Suzana tulimzika."

Felicitas alikaa chini palepale na kulia kilio ambacho Leonsia hakupata kukisahau maisha yake yote.

Mayala alitoa baiskeli, akamkalisha Leonsia nyuma na mtoto mgongoni, akaisukuma kwa kukimbia katikati ya mashamba ya pamba. Walipofika zahanati, Leonsia aligeuka akaona mama mdogo anawafuata kwa mbali, peku. Hakuingia ndani. Alishika mti wa uzio, akasimama pale juani muda wote.

Nesi wa zahanati aliitwa Kashindye. Hakugomba. Alimpokea Koku, akamwosha macho polepole kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akamdondoshea dawa, akampa matone mengine ya kunywa na maji kwa kijiko. Alitazama jicho la kulia, kisha akakaa muda mrefu zaidi kwenye la kushoto.

"Alichanjwa surua huyu?"

"Sijui," Leonsia alijibu. "Mama alikuwa mgonjwa wakati ule."

Kashindye alishusha pumzi. "Sikilizeni, nyote wawili. Surua haitaki giza wala kunyimwa chakula. Inataka maji mengi, maziwa, mchicha, mapapai, na kuletwa hapa mapema. Macho hayatiwi majani." Akamgeukia Mayala. "Jicho hili la kulia bado lina uhai, tutalipigania. La kushoto limeharibika. Sitawadanganya."

Leonsia alishika ukingo wa meza.

"Na kama tungekuja kesho?" Mayala aliuliza.

"Kesho mngekuja na mtoto kipofu kabisa. Au msingekuja."

Kwa bahati gari la wilaya lililoleta dawa lilikuwa halijaondoka. Leonsia na Koku wakasafirishwa jioni ile hadi hospitali ya mjini, na baba akaja amevaa nguo za kazi, grisi ikiwa bado mikononi. Alipomwona Koku aliinama akaweka uso wake juu ya shuka, akabaki hivyo.

Koku alikaa hospitali mpaka nguvu zikaanza kurudi. Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilibaki na weupe kama maziwa, na daktari alisema halitaona tena. Siku bandeji zilipotolewa, Koku aligeuza kichwa chote kumtazama dada yake, kama kuku anavyotazama, akauliza, "Mbona wewe uko upande mmoja tu?" Leonsia alitoka nje mbio.

Baba alimkuta kwenye benchi la barazani. Alikaa karibu naye, akamwacha alie kwanza.

"Nilijua, baba," Leonsia alisema mwishowe. "Siku uliyoniuliza, moyo wangu ulikataa. Nikasema ni sawa. Ningesema, Koku angekuwa na macho yake yote."

Baba alisugua grisi kwenye vidole vyake.

"Hata mimi moyo wangu ulikataa," akasema. "Nilisikia akimwita kwa jina la marehemu, nikatazama chini. Nilikuwa nimechoka, nilitaka mtu aniambie kwamba yote ni sawa. Basi mzigo huu usiubebe wewe. Ni wangu. Wewe ulikuwa mtoto uliyeulizwa mbele ya watu wazima waliokwisha kukata shauri."

"Lakini sikuwa na sababu ya kuwaambia."

"Ulikuwa nayo. Hukuwa na maneno yake tu." Alimgeukia. "Nikuambie jambo la kazini kwangu. Kuna siku ninapita kati ya mitambo, na mmoja unalia vibaya kidogo. Wenzangu hawasikii kitu. Mimi mwenyewe sijui kilicholegea. Lakini sikio limezoea sauti yake, limejua kabla macho hayajaona. Je, nisubiri ukatike ndipo niseme? Hapana. Nauzima kwanza, halafu natafuta. Siku nyingine nakuta ni mzima, wananicheka, nami nacheka nao. Moyo wako ndivyo ulivyofanya. Haukupiga ramli. Ulimjua Koku, ulimtazama mama yako mdogo, ukaona mambo mengi madogo ambayo sisi hatukuyatazama. Kwa hiyo mwanangu, katika jambo lolote kubwa la maisha yako, moyo ukikataa, usiunyamazishe ili kuwapendeza watu. Sema, 'Nina wasiwasi, tungoje kwanza, tuangalie.' Uliza, chunguza. Huenda ukawa umekosea, na hilo si aibu. Safari ya pili ulisema, na ndiyo maana leo tuna mtoto wa kumrudisha nyumbani."

Leonsia alifuta macho kwa upindo wa gauni. Maneno ya baba hayakulirudisha jicho la Koku, lakini kwa mara ya kwanza tangu Busisi aliweza kuvuta pumzi mpaka mwisho.

Baba alikwenda kwa meneja wake na kuomba zamu ya mchana tu, jambo ambalo alikuwa ameona haya kuliomba tangu mkewe afariki. Ndugu meneja alimkubalia. Alimwuliza pia kama hajui kwamba akina mama wa kiwandani wana chekechea yao nyuma ya ghala. Koku akaandikishwa huko. Watoto walimshangaa jicho kwa muda, kisha wakazoea, na maneno yake yakarudi kidogo kidogo, ingawa hayakuwa mengi kama zamani.

Mayala alimpeleka mkewe kwao Kagera, akapumzike kwa mama yake mzazi. Aliporudi, alikuja Nyakato peke yake, akakaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mkononi.

"Anaendelea vizuri kidogo," alisema. "Sasa analia akimtaja Suzana, halafu ananyamaza. Zamani hakuwa akilia. Anaomba kuja kumwona Koku, awaombe radhi. Nikasema nije niulize kwanza."

Baba alimtazama Leonsia, aliyekuwa akichambua mchele karibu na mlango.

Leonsia aliweka ungo chini. Alimkumbuka mwanamke aliyesimama peku kwenye uzio, akakumbuka pia mlango uliozibwa kwa mikono miwili. Vyote vilikuwa kweli. Hakuona haja ya kuharakisha jibu, na wanaume wale wawili walimsubiri.

"Aje," akasema. "Ni mama yetu mdogo, na ana majonzi. Lakini asije kumchukua Koku hata kwa matembezi. Na siku atakayokuja, mimi niwepo."

"Utakuwepo," baba alisema.